Kidonge cha kipandauso hakimezwi peke yake

Kuna dawa moja ya kipandauso ambayo haikai kwenye rafu ya mbele dukani kwetu. Naiweka ndani, na msaidizi wangu anajua haitoki mpaka niongee na mgonjwa mwenyewe. Si dawa ya kulevya, wala si ya bei kubwa. Inaitwa ergotamini, na mara nyingi huja ndani ya kidonge kimoja pamoja na kafeini: miligramu 1 ya ergotamini kwa miligramu 100 za kafeini. Ni dawa kongwe. Mgonjwa inayemfaa akiiwahi, kichwa ndiyo kwanza kinaanza, inaweza kumwokolea siku nzima, ndiyo maana wapo wanaoiulizia kwa jina mpaka leo. Ninachotaka kueleza ni kile kinachotokea inapokutana mwilini na dawa nyingine, au na tunda, au na ugonjwa ambao mwenyewe hajautaja. Hapo ndipo watu wanapopoteza vidole, na wengine miguu.

Kipandauso nakijua kwa kazi yangu ya ufamasia na nakijua kwa kulelewa nacho. Mama yangu alikuwa nacho tangu usichana. Siku kikimpanda tulifunga madirisha, tukazima redio, na aliyethubutu kukaanga samaki jikoni alijua atasikia. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa ukimgonga pamoja na mapigo ya moyo, anatapika mpaka nyongo, mwanga unamchoma. Kuna siku alianza kwa kuona vimulimuli na mistari iliyovunjikavunjika mbele ya macho, robo saa au nusu saa kabla ya maumivu, na kila alipoviona alijua siku imeisha. Majirani walisema ni kichwa tu. Wanawake hupatwa na ugonjwa huu karibu mara tatu kuliko wanaume, na nadhani hilo ni sehemu ya sababu ya kuuchukulia kuwa deko.

Mtu mwenye maumivu ya namna hiyo hasomi kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi. Anameza chochote kilichomsaidia jirani. Simlaumu. Ila sisi tulio nyuma ya kaunta hatuna maumivu hayo wakati ule, kwa hiyo kusoma ni kazi yetu.

Ergotamini asili yake ni kuvu. Kuvu hiyo, Claviceps purpurea, huota kwenye masuke ya nafaka, hasa ile iitwayo rai inayolimwa nchi za baridi, na mahali pa punje hutokea kipembe cheusi. Ulaya ya zama za kati, mwaka wa mvua nyingi, vipembe hivyo vilisagwa pamoja na unga, watu wakala mkate, kisha wakaanza kulalamika kwamba mikono na miguu inawaka moto. Baadaye viungo vile viligeuka vyeusi, vikakauka na kudondoka. Waliuita moto wa Mtakatifu Antonio, na mwishoni mwa karne ya 11 huko Ufaransa likaanzishwa shirika la mabruda wa mtakatifu huyo lililojenga hospitali za kuwatunza wagonjwa hao. Mtu asidhani ni habari ya Ulaya peke yake. Mwaka 1977 na 1978, katika jimbo la Wollo nchini Ethiopia, wakulima walipatwa na ugonjwa huo huo baada ya kula nafaka iliyochanganyika na oti pori, nafaka ya mwituni, yenye kuvu ile. Mwaka 2001 ukatokea tena Arsi, nchini humo humo, safari hii kwenye shayiri.

Mwaka 1918 mkemia Arthur Stoll, akifanya kazi katika kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, alifanikiwa kuitenga ergotamini ikiwa safi. Miaka ya 1920 ikaanza kutumika kwa kipandauso. Mwaka 1938 madaktari wawili wa Marekani, John Graham na Harold Wolff, walirekodi mapigo ya mshipa wa panjani kwa wagonjwa waliochomwa sindano ya ergotamini wakati kichwa kinauma. Kadiri mapigo yale yalivyopungua nguvu, ndivyo maumivu yalivyoshuka. Leo wataalamu hawaamini tena kwamba kipandauso ni habari ya mishipa kupanuka tu, lakini kuhusu kazi ya ergotamini walichokiona ni kweli: dawa hii inabana mishipa ya damu. Wakunga wetu wanamjua ndugu yake wa kuvu ile ile, ergometrini, inayobana mji wa mimba ili damu isiendelee kutoka baada ya mama kujifungua.

Kwa hiyo tunashika kitu ambacho kikiwa kidogo kinatuliza kichwa na kikizidi kinaua mguu. Kinachoamua kidogo na kikubwa ni nini? Si idadi ya vidonge peke yake.

Ergotamini iliyomezwa haifiki mbali. Katika kila sehemu 100 zinazoingia mdomoni, zisizofika 5 ndizo zinazoingia kwenye damu zikiwa nzima. Nyingine zote huvunjwavunjwa kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini, na anayefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho CYP3A4. Dozi ya kidonge imepangwa kwa kujua hilo. Sasa chukulia kwamba kwa kawaida mgonjwa fulani anapitisha sehemu 2 kati ya 100. Mpe kitu kinachokizima kile kimeng'enya, zipite 10. Kameza kidonge kimoja, lakini mishipa yake imepokea nguvu ya vidonge vitano. Hakuzidisha. Hakukiuka maelekezo yoyote. Ukimwuliza hospitali, "Umemeza vingapi?" atajibu kwa haki kabisa, "Kimoja." Na kwa kuwa mishipa huendelea kubanwa muda mrefu hata baada ya dawa kupungua kwenye damu, asubuhi ya pili akimeza kingine, cha jana bado kinafanya kazi. Ndiyo maana hata mwenye afya njema anawekewa mpaka: vidonge 6 kwa shambulio moja, 10 kwa wiki nzima, basi.

Vitu vinavyozima kimeng'enya hicho havijifichi. Vimo katika dawa tunazozigawa kila siku.

Anza na erithromaisini, antibayotiki ya kifua na ngozi ambayo karibu kila duka inayo. Mwenzake klarithromaisini ana nguvu zaidi ya kukizima, naye siku hizi amejaa mitaani kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Mgonjwa akipimwa na kukutwa na bakteria wa H. pylori, hupewa kifurushi cha dawa tatu, mara nyingi kwa siku 14, na klarithromaisini imo humo. Yeye anajua anameza "dawa za tumbo". Katikati ya siku hizo kichwa kikimpanda, atakuja kuomba dawa yake ya kipandauso aliyoizoea miaka yote, na hatataja tumbo, kwa nini ataje? Hata akimaliza kifurushi leo, kimeng'enya kinahitaji siku kadhaa kurudi katika hali yake. Azithromaisini, ambayo wengi huiita azuma, haina makali hayo, ingawa vijikaratasi vingi vya ergotamini vinaitaja nayo kwa tahadhari. Wamo pia ketokonazoli na itrakonazoli, vidonge vya fangasi. Fangasi ya mguu ikitibiwa kwa krimu ya kupaka, hofu hii haipo.

Lakini ninayemwogopa kuliko wote ni ritonavir, na hapa nitakaa.

Watu wengi wanaoishi na VVU nchini Tanzania na Kenya leo wanatumia kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Dolutegravir haikizimi CYP3A4, kwa hiyo kwa hao tatizo ninalolieleza halipo. Tatizo lipo kwa wale ambao dawa za mwanzo hazikuwafaa tena, wakabadilishiwa, wakapewa atazanavir au lopinavir. Hizo mbili hazipewi peke yake. Zinasindikizwa na ritonavir, na kwa dozi hiyo ndogo ritonavir haikuwekwa pale kupigana na virusi. Imewekwa kukizima kimeng'enya CYP3A4, ili dawa mwenzake isivunjwevunjwe na ini, idumu kwenye damu mpaka kesho yake. Kazi iliyoajiriwa kuifanya ndiyo hiyo hiyo inayoifungulia ergotamini mlango. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiripoti wagonjwa wa VVU waliomeza dozi za kawaida za ergotamini, wengine kidogo tu, wakaishia na viungo visivyo na damu. Nchini Marekani onyo la kutochanganya vitu hivi limewekwa ndani ya kisanduku cheusi juu kabisa ya maelezo ya dawa, pamoja na onyo la erithromaisini na wenzake. Wakati wa UVIKO-19 ritonavir hiyo hiyo iliingia pia katika dawa ya kumeza ya ugonjwa ule, ikisindikiza nirmatrelvir.

Dalili zinaanza kwa unyenyekevu. Vidole vya miguu au mikono vinakuwa vya baridi hata mchana wa jua, vinakufa ganzi, vinachomachoma. Misuli ya nyuma ya mguu inauma ukitembea, ukisimama inatulia. Ngozi inapauka, kisha inaelekea bluu. Daktari akitafuta mapigo kwenye kifundo cha mguu au cha mkono anayakuta hafifu, au hayapati. Hapo hakuna cha kusubiri asubuhi: dawa inasimamishwa saa ile ile, mgonjwa anapelekwa hospitali kubwa apewe dawa za kufungua mishipa na za kuzuia damu kuganda. Wakiwahiwa wengi hupona vizuri. Wakichelewa, ni kisu. Nanyi mnajua mtu akisema mguu umekufa ganzi huwa anashauriwa nini nyumbani: akandwe maji ya moto, apakwe dawa ya kuchua, alale. Mguu usio na damu ukikandwa maji ya moto unaungua bila mwenyewe kusikia.

Jioni moja ya Jumamosi alikuja mama mmoja, mtu wa kumpa shikamoo bila kujiuliza. Aliweka juu ya kaunta kipande cha pakiti kilichokatwa kwa mkasi. Vidonge viwili vilikuwa vimebaki, na mahali pa jina zilisalia herufi za mwisho tu: "tamine". Alikuwa kagawiwa na mdogo wake.

"Marahaba mwanangu. Naomba hizi, kumi tu. Kichwa kinanitoa roho."

"Pole sana mama. Mbali na hizi, kuna dawa yoyote unayomeza kila siku?"

Nyuma yake alisimama kijana wa bodaboda akisubiri dawa ya kikohozi. Yule mama alimtazama kijana, akatazama mlangoni, akasema, "Hakuna, mwanangu."

Nikamwambia sawa, lakini dawa hii haitoki bila kupima presha, aingie chumba cha ndani. Ni kweli haitoki bila presha. Na chumba kile kina mlango. Presha yake ilikuwa juu kidogo. Nilikuwa bado nafungua mkanda wa mashine mkononi mwake aliposema, bila kuulizwa tena, "Zipo za jioni." Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa kipande cha nailoni chenye vidonge vichache. Alikuwa anakwenda kulala kwa ndugu. Kopo lake hakulibeba. "Kopo linapiga kelele kwenye mkoba," alisema.

Vidonge vile havikuwa na jina, na mimi sibahatishi kwa rangi. Akampigia simu mwenyewe muuguzi wa kliniki yake ya CTC, yaani ya wanaoishi na VVU, akaniwekea sikioni. Atazanavir na ritonavir, alikuwa kabadilishiwa. Nilimweleza taratibu. Akauliza, "Kwa hiyo ningemeza leo usiku?" Nikasema, "Usimeze hata kimoja mama, na hivi viwili nakuomba uniachie." Akaniachia. Nikampa paracetamoli kwa usiku ule pamoja na dawa ya kuzuia kutapika, na barua ya kumwona daktari Jumatatu kwa ajili ya kichwa na presha.

Jambo hili nimelitafakari sana. Mama yule hakudanganya kwa ubaya. Sisi ndio tumejenga maduka ambayo mtu hutakiwa kutangaza siri yake mbele ya foleni. Muuzaji akiuliza, "Una ugonjwa gani mwingine?" anaomba kitu ambacho mtu huyo huenda hajamwambia hata mumewe. Mimi nauliza dawa, siulizi ugonjwa. "Kuna dawa unayomeza kila siku, au uliyoimaliza wiki hii?" Kwa anayesita, "Si lazima unitajie ni ya nini, nionyeshe jina lake tu." Na swali hilo naliuliza kwa kila mtu, pamoja na huyo kijana wa bodaboda, ili asiyejibu asijione amenyooshewa kidole. Mkasi nao una lawama zake. Tunakata pakiti kwa sababu mteja ana hela ya vidonge vinne, hilo naelewa, lakini tukikata tunaondoa jina na tarehe ya kuisha muda, kisha tunaandika juu ya bahasha "1 x 2" bila kuandika dawa yenyewe. Jina liandikwe. Sekunde chache tu. Daktari wa zamu usiku atakapomkuta mgonjwa mwenye vidole vya bluu, bahasha hiyo ndiyo itakayozungumza.

Upande wa chakula, anayetajwa sana ni balungi, na anastahili. Mwaka 1989 mtafiti David Bailey na wenzake huko London ya Ontario, Kanada, walichapisha jambo waliloligundua bila kulitafuta: walikuwa wanapima dawa ya presha iitwayo felodipini pamoja na pombe, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakashangaa kukuta dawa imepanda kwenye damu kupita matarajio. Balungi lina kemikali zinazokiharibu kimeng'enya CYP3A4 kwenye ukuta wa utumbo, na utumbo unahitaji siku moja mpaka tatu kutengeneza kingine. Kwa hiyo kusema "nilikunywa juisi asubuhi, dawa nimemeza usiku" hakusaidii. Danzi, lile chungwa chungu ambalo watu wa pwani wanalijua vizuri, lina kemikali za jamii hiyo pia. Chungwa tamu la kawaida, yale yanayotoka Muheza kwa magunia, halina neno. Nalisema kwa sababu nimeshakutana na watu walioacha machungwa yote kwa hofu, wakati tunda la kuachwa ni jingine.

Kahawa haiko kundi hilo. Kafeini iko ndani ya kidonge kwa makusudi, inasaidia ergotamini kufyonzwa. Lakini anayemeza kidonge chenye miligramu 100 za kafeini kisha akakaa kijiweni na vikombe vya kahawa chungu mpaka usiku asishangae moyo kumwenda mbio na usingizi kumkimbia, na kukosa usingizi huleta kipandauso kingine. Ramadhani nayo ina yake: wiki ya kwanza wengi huumwa kichwa kwa sababu mwili umekatiwa kahawa ya asubuhi, tumbo ni tupu na maji ni machache. Kupunguza kahawa kidogo kidogo tangu Shaabani kunawasaidia wengi kuliko kidonge chochote nitakachowauzia.

Sigara inabana mishipa. Miraa, au mirungi kwa kwetu, ina kathinoni, nayo inabana mishipa na kupandisha presha. Mtu anayetafuna miraa au muguka mpaka alfajiri, kisha kichwa kikampanda akameza ergotamini, amerundika vitu vinavyobana juu ya vinavyobana. Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini viko safu hiyo hiyo. Vijana hawa hawajihesabu kuwa wanatumia dawa, kwa hiyo swali langu kuhusu dawa haliwafikii. Miraa naiuliza kwa jina.

Magonjwa yanayoikataa ergotamini ukiyatazama yote yanafuata mantiki moja. Presha isiyodhibitiwa, moyo unaobana kifuani mtu akipanda ngazi, kiharusi cha zamani, mishipa ya miguu iliyoharibiwa na kisukari au sigara: hawa mishipa yao tayari ni myembamba. Ini bovu na figo mbovu: hawa dawa haiwatoki. Mjamzito asiiguse, maana mji wa mimba unabanwa na mtoto anakosa damu. Anayenyonyesha vilevile, kwa sababu inapita kwenye maziwa.

Wengine watasema basi tuachane nayo, tutumie dawa mpya. Ningependa iwe hivyo, na mara nyingi ndivyo ninavyoshauri, ila nazo zina mambo yake. Sumatriptan, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2021 kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa shambulio la kipandauso, nayo hubana mishipa, hata ya moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo, kiharusi au presha isiyoshikika hapewi. Haimezwi ndani ya saa 24 tangu ergotamini. Na kuna jambo moja ambalo nchi zetu zenye kifua kikuu sugu zinapaswa kulijua zaidi: linezolidi, dawa inayotumika sasa kutibu kifua kikuu hicho, huzuia kimeng'enya MAO, ambacho ndicho kinachoiondoa sumatriptan mwilini. Hawa wawili hawachanganywi.

Propranololi, ya kumeza kila siku ili kichwa kisije mara kwa mara, ni nafuu na nzuri, lakini kwa mwenye pumu inaweza kuziba kifua mpaka ikawa hatari ya maisha. Kwa mwenye kisukari anayechoma insulini huficha moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, ishara zinazomwambia sukari imeshuka.

Na kuna vidonge vya majira. Mwanamke ambaye kipandauso chake huanza kwa vimulimuli vile nilivyovitaja hatakiwi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa sababu viwili hivyo pamoja vinaongeza hatari ya kiharusi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaliweka hilo katika daraja la nne, yaani zisitumike kabisa. Vya homoni moja, vipandikizi, sindano na kitanzi vipo. Wasichana wanaonunua vidonge hivi kwangu hawajawahi kuulizwa na yeyote kama wanaona vimulimuli kabla ya kichwa kuuma. Swali lenyewe ni la sentensi moja. Wauguzi wa kliniki za uzazi wa mpango, nawaomba mliulize.

Narudi kwa wale wanaotumia ritonavir, kwa sababu kuwaambia tu "usimeze" si huduma. Paracetamoli ni salama kwao kwa dozi sahihi, na inafanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mwanzoni kabisa pamoja na metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, kwa kuwa kipandauso kikishika, tumbo husimama na kidonge hukaa pale pale bila kufyonzwa. Ibuprofeni na diklofenaki zinahitaji tahadhari, maana wengi wao wanatumia pia tenofovir, na mchanganyiko huo ukizidi unaumiza figo. Siku moja au mbili kwa dozi ya kawaida, na maji ya kutosha, kwa mwenye figo nzima, ndiyo mpaka wangu. Na wote, wenye VVU na wasio nayo, wahesabu siku: dawa za maumivu za kawaida zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, au ergotamini, sumatriptan na vile vidonge vya mchanganyiko wa aspirini, paracetamoli na kafeini siku 10 au zaidi, mwezi baada ya mwezi, kichwa huanza kuuma kwa sababu ya dawa zenyewe.

Kwa mgonjwa wa ritonavir ambaye moyo na presha viko sawa, dawa ninayoitaka ni sumatriptan. Haipiti njia ya CYP3A4, kwa hiyo ritonavir haiigusi. Eletriptan, ya ukoo huo huo, inapita njia hiyo na haimfai. Lakini nikipiga simu kwa wauzaji wa jumla, jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba sumatriptan haipo, hakuna anayeiulizia, niletewe ergotamini katoni moja badala yake. Mimi naiulizia. Wafamasia wenzangu wa mikoani, iulizieni nanyi kila wiki, kwa jina na kwa nguvu yake, sumatriptan ya miligramu 50, mpaka mtu aone ina soko.